Siku tano kwenye kambi ndogo iliyo mita 2,900 milimani: tupange vipi?

Mtembea Taratibu aliuliza:

Salamu kwenu wanajukwaa.

Mwaka huu familia yangu imeamua kutumia siku tano za majira ya joto kwenye kambi ndogo ya mlimani iliyo kwenye mwinuko wa mita 2,900 hivi. Kambi yenyewe ina nafasi 12 tu za mahema, haimtengei mtu nafasi kabla hajafika, haina bomba la maji wala umeme, na kilichopo ni vyoo viwili vya shimo na meza za mbao. Hufunguliwa theluji ikishayeyuka barabarani na kufungwa baridi inaporudi, kwa hiyo msimu wake wote ni wiki chache. Tutakuwa wanne: mimi, mke wangu, mtoto wetu wa miaka tisa, na mama yangu mzazi mwenye miaka 67, ambaye anatumia dawa za shinikizo la damu lakini hutembea kwa miguu kila siku, na ndiye aliyeitamani safari hii kabla yetu sote.

Tunaishi karibu na usawa wa bahari na hatujawahi kulala juu ya mita 1,500. Nilikuwa nimepanga tuondoke nyumbani Ijumaa alfajiri, tuendeshe gari kwa saa nane, tufike jioni, tusimamishe mahema, na Jumamosi asubuhi tuanze kupanda kuelekea ziwa lililo mita 400 juu ya kambi. Rafiki yangu mmoja aliyezoea milima aliponisikia alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nifikirie upya siku ya kwanza na usiku wa kwanza. Tulikuwa tunaagana, hakupata nafasi ya kunieleza zaidi.

Ninaomba mnieleze kwa kirefu alichokuwa anakiona yeye ambacho mimi sikioni. Je, mwinuko huo ni wa kuhofia kwa mtu wa umri wa mama yangu, au kwa mtoto? Je, nguo na matandiko ya kawaida ya majira ya joto yanatosha? Na tukifika tukute nafasi zote 12 zimejaa, tufanye nini na giza linaingia?

Nitashukuru kwa ushauri wowote, hata ukiwa wa kunirudisha nyuma.

Muuguzi wa Nyanda za Juu alijibu:

Ndugu, mfikishie mama shikamoo yangu. Nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kuondoka, kwa sababu wengi huuliza wakiwa tayari wamelala huko juu na kichwa kinawapasuka.

Nadhani rafiki yako aliona kwamba ungewapeleka watu wanne kutoka usawa wa bahari hadi mita 2,900 kwa siku moja, ukawalaza huko huko, na kesho yake ukawapandisha tena. Katika mwinuko huo kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni takriban asilimia 70 ya ile ya pwani. Sehemu ya oksijeni katika hewa haijabadilika, lakini hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo kila pumzi huingiza oksijeni pungufu. Mwili unajua kujirekebisha: hupumua haraka zaidi, moyo hupiga kasi, figo hutoa mkojo mwingi. Marekebisho hayo huchukua siku kadhaa, wala hayaharakishwi na mazoezi uliyoyafanya nyumbani. Kijana mkimbiaji anaweza kuugua na mzee anayetembea polepole akabaki mzima.

Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kuonekana kwa watu wanaolala juu ya mita 2,500, na dalili zake hujitokeza saa 6 hadi 12 baada ya kufika, wakati mwingine hata baada ya siku nzima. Kwa ratiba yako, zingewapata usiku wa manane, ndani ya hema, saa nane za barabara kutoka nyumbani. Dalili kuu ni kichwa kuuma, pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu usio wa kawaida au kizunguzungu. Mtoto wa miaka tisa anaweza asiseme kwamba kichwa kinamuuma. Utamwona ameacha kucheza, amekaa pembeni, chakula anakisukuma. Ichukulie hali hiyo kuwa dalili mpaka ithibitike vinginevyo.

Dawa ya kwanza ya ugonjwa huu ni kutopanda zaidi. Anayeumwa kichwa apumzike hapo alipo, anywe maji kwa kadiri ya kiu yake, atumie dawa ya kawaida ya maumivu, na kwa walio wengi hali hutulia ndani ya siku moja au mbili. Akizidi kuwa mbaya, mteremsheni. Kushuka hata mita 300 tu huweza kuleta nafuu, na mita 1,000 ni bora zaidi. Zipo hali mbili ambazo hazisubiri kupambazuke: mtu kuhema kwa shida akiwa amekaa tu, hasa akiwa na kikohozi, na mtu kupepesuka au kuongea mambo yasiyoeleweka. Ukiwa na shaka, mwambie atembee katika mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, washeni gari muda huo huo na mtafute matibabu mkiwa mnashuka.

Nikugusie jambo moja ambalo huwatisha watu bure. Usiku wa kwanza au wa pili unaweza kumsikia mwenzako amelala, pumzi zake zinakuwa nzito, kisha zinapungua, kisha kimya kwa sekunde kadhaa, halafu anavuta pumzi moja kubwa kama aliyetoka majini. Mara ya kwanza nilipoyasikia hayo kwa mume wangu niliketi gizani nikihesabu, mkono wangu ukiwa kifuani pake, mpaka asubuhi. Kupumua kwa namna hiyo usingizini ni kawaida kabisa kwa watu wazima walioko juu, na peke yake si dalili ya hatari. Ila msitumie vidonge vya usingizi wala pombe katika siku za mwanzo, kwa sababu vyote viwili hupunguza msukumo wa kupumua.

Kuhusu mama: umri wake si kizuizi. Shinikizo la damu lililodhibitiwa vizuri kwa kawaida halimzuii mtu kwenda mwinuko huo, lakini shinikizo hupanda kidogo siku za kwanza, kwa hiyo amwone daktari wake wiki kadhaa kabla ya safari na amtajie mita 2,900 kwa tarakimu, asiseme "mlimani" tu. Aulize pia kuhusu asetazolamidi, dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko, ambayo huanzwa siku moja kabla ya kupanda. Haimfai kila mtu, na haifai kuchanganywa na dawa nyingine bila daktari kujua. Dawa zake za kila siku asiziache hata mara moja, na zisafiri kwenye mkoba wake, si kwenye buti la gari.

Ushauri wangu basi ni huu: tafuteni kambi nyingine njiani, yenye mwinuko wa kati ya mita 1,500 na 2,000, mlale hapo usiku mmoja, na mkiweza, miwili. Siku ya kwanza mkishafika juu, msifanye zaidi ya kutandika, kupika na kutembea mpaka kijitoni. Ziwa liache mpaka siku ya tatu, na mlifikie iwapo tu wote mmeamka bila kuumwa kichwa. Kulipanda mchana na kurudi kulala kambini hakuna ubaya wowote, maana kinachohesabiwa zaidi ni mahali mnapolala.

Mzee wa Turubai alijibu:

Ninaunga mkono yote aliyoyasema dada Muuguzi, na ninaongeza kwamba usiku mmoja wa chini unakutatulia pia lile swali lako la nafasi. Kambi ndogo isiyotenga nafasi hujaa Ijumaa jioni, kwa sababu kila mtu amefikiri kama wewe. Watu huondoka asubuhi, hasa Jumapili na Jumatatu. Mkilala chini Jumapili, mkaamka na kupanda Jumatatu, mtafika saa nne asubuhi wakati wanaoondoka wanakunja mahema, nanyi mtachagua mahali badala ya kuokota palipobaki. Kambi ile ya chini ndiyo pia kimbilio lenu mkikuta pamejaa, kwa hiyo hamtahangaika gizani. Kabla ya kuondoka, wasilianeni na ofisi inayosimamia eneo hilo muulize kama barabara imefunguliwa kweli. Theluji haifuati kalenda, na tarehe ya mwaka jana haiwezi kuwa ahadi ya mwaka huu.

Sasa kuhusu baridi. Halijoto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo siku ambayo nyumbani kwako kuna nyuzi 30, huko kambini huenda mchana ukawa na nyuzi 11 hadi 15, na usiku wa anga tupu ukakaribia 0 hata katikati ya majira ya joto. Matandiko ya kawaida hayatoshi. Mfuko wa kulalia huandikwa viwango viwili vya halijoto, na watu wengi hununua kwa kutazama kile cha chini, ambacho ndicho mpaka wa mtu aliyejikunyata asiendelee kutetemeka. Tazama kiwango cha starehe, na kwa kambi yenu kisiwe juu ya nyuzi 0. Mama na mtoto wapewe ile yenye joto zaidi. Halafu msisahau kilicho chini yenu, kwani ardhi hunyonya joto la mwili kuliko hewa inavyofanya, na godoro la kupuliza lisilo na kitu ndani ni baridi tupu. Magodoro ya kambini hupimwa kwa thamani ya R, yaani uwezo wa kuzuia joto lisipotee, na mimi silali juu ya mita 2,500 na godoro lenye chini ya 4.

Nafasi ya hema inastahili dakika ishirini za kutembea na kutazama. Miaka iliyopita mimi na kijana wangu tulifika kwenye kambi ya aina hiyo tukakuta nafasi moja nzuri mno, katikati ya uwanda wa majani karibu na kijito, na hakuna aliyekuwa ameichukua. Tukashangaa kuona wazee wawili wamebanana kule juu kwenye miti. Usiku hewa baridi, ambayo ni nzito, iliteremka mlimani ikakaa kwenye lile bonde kama maji kwenye bakuli. Alfajiri nilipofungua zipu, vipande vya barafu vilimwagika shingoni mwangu kutoka upande wa ndani wa hema, ambako pumzi zetu zilikuwa zimeganda, na chupa ya maji iliyokuwa mlangoni ilikuwa imara kama jiwe. Kijana wangu alikuwa amevaa kila nguo aliyokuja nayo na bado midomo yake ilikuwa ya buluu. Hatua hamsini kutoka hapo, wale wazee walikuwa wakinywa chai na mahema yao yalikuwa makavu. Tangu siku hiyo huchagua mahali palipoinuka kidogo kuliko bonde, chini ya miti hai iliyo mingi na yenye kimo kimoja, na palipo wazi upande wa mashariki ili jua la asubuhi lipafikie mapema. Inua macho pia: mti mkavu au tawi lililovunjika likaning'inia ni sababu ya kuhama, hata kama nafasi ni nzuri kiasi gani.

Kuhusu radi sitasema mengi, lakini haya yashikwe. Jua la asubuhi hupasha miteremko, hewa hupanda, na kufikia adhuhuri mawingu yanaweza kuwa yameshafura. Kwa hiyo siku ya ziwa ondokeni alfajiri na muwe mmegeuka kurudi kabla ya saa sita mchana. Mkiona mmweko, hesabuni sekunde mpaka ngurumo isikike: kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja, na zikiwa chini ya 30 mko katika hatari. Hema si kinga dhidi ya radi. Ingieni ndani ya gari lenye paa la bati, fungeni vioo, na mtoke dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Mtembea Taratibu aliandika tena:

Nawashukuru sana, dada Muuguzi na Mzee wa Turubai. Nilimsomea mama majibu yenu neno kwa neno, na nilipofika kwenye habari ya kupumua usingizini akasema sasa anaelewa kilichompata marehemu baba walipolala milimani miaka ile, jambo ambalo hakuwahi kulizungumza.

Nimebadilisha ratiba. Tutaondoka Jumamosi, tutalala usiku mbili kwenye kambi iliyo mita 1,700, kisha tupande Jumatatu asubuhi. Mama ana miadi na daktari wiki ijayo. Mifuko ya kulalia miwili nitaikodi badala ya kununua.

Nimebakiwa na jambo moja. Mke wangu ndiye mpangaji wa jiko, naye anauliza kuhusu maji na mapishi. Kuna kijito karibu na kambi. Je, maji ya theluji iliyoyeyuka ni salama kunywa yalivyo? Na jiko letu dogo la gesi litafanya kazi huko?

Jiko la Alfajiri alijibu:

Mwambie mke wako kwamba maji hayo, hata yakiwa meupe na baridi ya kuumiza meno, yasinywewe yalivyo. Wanyama hunywa na kujisaidia juu ya kijito, na vijidudu kama giadia huishi wiki nyingi kwenye maji baridi. Chemsheni mpaka yatokote vizuri, na kwa kuwa mko juu ya mita 2,000, yaacheni yakitokota kwa dakika tatu kamili. Mkiwa na kichujio, usiku kilale ndani ya mfuko wa kulalia pamoja na mtu, kwa sababu kikiganda hupasuka ndani bila kuonekana, na kuanzia hapo kinapitisha kila kitu. Kwa kunywa na kupika ninahesabu lita nne kwa kila mtu kwa siku. Kwenu ninyi ni lita 80 kwa siku tano, nazo ni kilo 80 kwenye gari lililobeba watu wanne, kwa hiyo mngebeba nusu kutoka chini na nusu muichemshe huko huko.

Katika mwinuko wa kambi yenu maji hutokota yakiwa na nyuzi 90 hivi, si 100, na kuongeza moto hakuyapashi zaidi ya hapo. Maharage makavu yatawamalizia gesi yakiwa bado magumu. Wali nao hukawia. Vyakula vya kuchemka kwa muda mrefu vipikeni nyumbani, mvipooze na kuvibeba kwenye sanduku la barafu, mvile siku mbili za mwanzo mkiwa kambi ya chini. Vya juu viwe vya kupashwa moto tu au vya kuiva upesi. Anayeweza kubeba sufuria ya presha, jambo hili kwake limekwisha. Na msishangae mkiona pakiti za vyakula zilizofungwa nyumbani zimevimba kama mito. Ni hewa ya ndani iliyotanuka, chakula hakijaharibika.

Jiko lenu litafanya kazi, ila tazama maandishi kwenye mtungi. Butani ya kawaida huacha kugeuka mvuke halijoto inapokaribia 0, na hapo ndipo asubuhi utakapokuwa unawasha, unazima, unawasha, huku mtungi ukisikika kuwa umejaa. Nunua uliochanganywa na propani, ambayo hugeuka mvuke hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Mtungi ukiwa umetenganishwa na jiko unaweza kulala nao karibu na miguu ili asubuhi usiwe wa baridi sana. Jiko lenyewe lisiwashwe ndani ya hema kamwe, wala makaa yasiingizwe ili kupasha joto. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, na dalili zake za kwanza ni kichwa kuuma na kichefuchefu, zile zile ambazo dada Muuguzi amekuonya nazo. Mtazidhania kuwa za mwinuko huku sumu inaendelea kuingia.

Chakula chote, pamoja na dawa ya meno na sabuni, kikae kwenye sanduku la chuma la kambi kama lipo, au ndani ya gari, na kisilale na watu hemani. Kama eneo hilo lina dubu, ofisi itawaambia kama hata gari halitoshi. Kuni ulizeni kwanza kama moto unaruhusiwa msimu huo, na msizibebe kutoka nyumbani, kwa kuwa wadudu waharibifu wa miti husafiri ndani yake.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Kila jioni kabla ya kulala, mwambie mke wako ajaze birika maji, aliweke juu ya jiko na kulifunika, na kiberiti kiwe mfukoni mwa koti lake. Ndoo inaweza kuganda usiku na kichujio kikawa bado kinapashwa joto, lakini birika likiwa na barafu juu linayeyuka papo hapo kwenye moto. Mama akiamka saa kumi na mbili akiwa na baridi, atapata kitu cha moto mkononi ndani ya dakika chache, bila mtu kulazimika kushuka kijitoni gizani.